Kura ya Mke wa Bayo

Tumemzika Paskalina Jumamosi iliyopita, kule juu upande wa Buger, kwenye shamba lake mwenyewe, chini ya ile migrevilea aliyoipanda kwa mkono wake. Mimi niliwekwa mbele, kwenye viti vya plastiki vyenye mito, wanapokaa watu wenye majina, maana siku hizi na mimi nina jina. Nina nyumba ya wageni Karatu mjini, nina mashine ya kusaga, na mchango wowote wa kanisa ukianza lazima wapite kwangu kwanza, na hao wanaopita wengi wamesoma kuliko mimi niliyeishia darasa la tatu. Mwanawe mkubwa akasimama kusoma wasifu wa marehemu. Kijana ana sauti nzuri, alisoma vizuri. Akafika mahali pa siasa, akasema marehemu mama yetu aliwahi kugombea udiwani, lakini hakufanikiwa, kwa kuwa siku ile ya kura ilinyesha mvua kubwa na wananchi wengi hawakujitokeza. Watu wakatikisa vichwa kwa huruma. Mimi nikaangalia vidole vyangu. Msibani si mahali pa kusahihisha watu. Ila hapa ni kwangu, kalamu nimeinunua mwenyewe, na ninasema hivi: mvua ile ilikatika asubuhi, na wananchi walijitokeza. Walijaa mpaka uwanja ukawa hauonekani majani.

Ulikuwa ni ule wakati halmashauri zinarudishwa, mwanzoni mwa miaka ya themanini, sisi bado tukiwa chini ya Mbulu. Aliyekuwapo atakumbuka hali ilivyokuwa. Kipande cha sabuni kinakatwa kwa uzi ili kienee nyumba mbili. Mafuta ya taa yanawekwa kwenye chupa ya dawa ya kikohozi. Ugali ni wa unga wa njano kutoka Marekani, una harufu kama ya gunia lililolowa, na watoto walikuwa wanaukataa mpaka wachapwe. Mwaka ule ndio mtoto wangu wa kwanza alikufa, hajaacha ziwa. Nimesema mara moja, sitarudia. Nilikuwa sijafikisha hata miaka ishirini. Na kwa desturi yetu sisi Wairaqw, nyumba iliyofiwa na mtoto anayenyonya inaingia metimani. Vijana wa leo wananiuliza metimani ni nini, nami nawajibu, ni kuwa hai bila watu. Huingii nyumba ya mtu na mtu haingii kwako. Hushiki chombo cha mwenzako, huchoti maji wanapochota wengine, hupiti njia yao, huendi sokoni, huketi kanisani. Padri alikuwa anahubiri kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati, na waumini wanaitikia amina, halafu wakitoka nje wanazunguka mbali na uzio wangu. Miezi inakwenda hivyo mpaka wazee waseme basi. Mume wangu Bayo hakuvumilia. Alikwenda kuchuma kahawa kwenye mashamba ya Oldeani, huko kwenye watu wa makabila yote ambako hakuna anayekuuliza umefiwa na nani. Alirudi, akaondoka tena. Hiyo ni habari nyingine na haina faida.

Kwa hiyo nilibaki mimi na chumba. Nakijua chumba kile kuliko ninavyovijua vyumba vyangu vyote vya sasa vyenye maji ya moto. Kuta za miti na udongo, kitanda cha kamba na ngozi ya ng'ombe juu yake, mafiga pembeni, na dirisha ambalo mtu akitia kichwa mabega hayapiti. Ukuta wa upande wa mashariki ulikuwa umepasuka, na nyuma ya ukuta huo, baada ya uzio wa minyaa, ndipo inapita njia kuu ya kitongoji inayokwenda kwenye godauni la kijiji. Mbele ya uzio kulikuwa na jiwe bapa, pana kama sinia. Ndugu wa Bayo walikuwa wanakuja alfajiri, wanaweka juu ya jiwe bakuli la ugali, boga lililochemshwa, siku nzuri maziwa mgando kwenye kibuyu kilichovunjika mdomo ambacho hawatakitaka tena, na wanaondoka bila kukohoa. Nilikuwa nasikia bakuli likigonga jiwe. Mpaka leo mhudumu wangu akiweka sahani mezani kwa kishindo ninamfokea, naye hajui kwa nini.

Na Paskalina ndiye aliyeingia. Alikuwa amenizidi umri kama dada mkubwa, mwalimu wa kisomo cha watu wazima, mwanamke mrefu mwenye hatua za kiume. Siku hiyo nilisikia mtu anapita uzio, nikashtuka, nikasema, "Usiingie!" Akajibu akiwa tayari ameshainama mlangoni, "Nimeshaingia, sasa nitoke tena? Sogea hapo." Akakaa kwenye kitanda changu, akachukua bakuli, akamega ugali, akala. Nilimwangalia kama anayekula moto. Nikamwambia, "Dada, watakukimbia." Akasema, "Wakikimbia nitawafuata, mimi nina miguu mirefu." Tangu hapo akawa anakuja kila wiki akitoka kufundisha. Analeta kitabu cha kisomo, tunasoma, halafu tunakula bakuli moja, halafu nampikia chai ya majani matupu, na anakunywa vikombe viwili kila mara, hata ikiwa haina utamu wowote. Darasa langu la tatu lilikuwa limeshafutika kichwani; herufi hizi unazozisoma zimeanzia pale. Kulikuwa na somo la uchaguzi kwenye kitabu kile, lenye picha ya sanduku, na alinifundisha kwa kidole kimewekwa juu ya maneno: "Kura ni siri yako. Hata mume usimwambie. Hata mimi." Tukaandikishwa kipindi hicho hicho. Karani wa kuandikisha alikuwa anapita nyumba kwa nyumba, mgeni, akaniandika bila kujua ameketi wapi, na kadi yangu nikaifungia kwenye kopo la kahawa.

Chama kilipopitisha majina, yalirudi mawili: Mzee Gwandu mwenye lori, na Paskalina. Gwandu akapewa alama ya jembe, Paskalina nyumba. Kampeni zenyewe wanapandishwa wote wawili kwenye gari moja, wanasimama kwenye jukwaa moja, kila mtu anasema lake, na msimamizi ameshika saa. Sikuhudhuria hata mkutano mmoja, lakini nadhani hakuna aliyezisikia kampeni zile kama mimi. Watu wakipita nje ya ukuta wangu walikuwa wananyamaza mpaka wavuke uzio, hilo ni kweli, ila mtu anayebishana hanyamazi vizuri. Anafunga mdomo mbele ya jiwe halafu anaufungua kabla hajamaliza kupita.

"Jembe ndilo linalotulisha, bwana."

"Linakulisha wewe? Si unakula unga wa Marekani?"

"Na huyo mama akienda Mbulu kwenye vikao, mumewe atapikiwa na nani?"

"Mumewe ana mikono."

"Mikono ya kushikia pombe!" Wakacheka, halafu wakakumbuka walipo, kicheko kikakatika kama kimekanyagwa.

Wanawake walikuwa wanapita jioni na mitungi. Nilikuwa nawajua kwa sauti za miguu. "Mimi nampa Paskalina. Amesema ataleta kisima huku juu." "Kisima nakitaka. Lakini si anaingia kwa yule?" "Kwa nani?" "Wee! Humo." Na hatua zinakuwa za haraka, maji yanamwagika. Nikawa nawaza kitandani: huyu dada anapoteza kura moja kila anapokula kwangu. Nilimwambia. Alikasirika kweli, nikaona meno yake. Akasema, "Kama siwezi kula na mtu mmoja, nitawasemeaje watu wa kata nzima? Na siku ya kura utakuja. Kadi unayo. Wewe ni mtu."

Siku chache kabla ya kura nikakuta kwenye jiwe kifuko cha karatasi ya saruji, kimefungwa kwa kamba ya mgomba. Sukari. Karibu kilo nzima! Muda mrefu ulikuwa umepita sijaiona. Nilijua imetoka kwenye lori la Gwandu, kitongoji kizima kilijua, kila nyumba ilipata. Nadhani vijana waliotumwa kugawa waliambiwa wasiruke nyumba yoyote, wakaogopa kuruka hata yangu. Nilipoilamba nililia, si kwa sababu ya Gwandu. Sukari haina jembe wala nyumba. Paskalina alipokuja nikampikia chai kwa furaha, nikaikoleza. Akapiga funda la kwanza, akasimamisha kikombe.

"Mdogo wangu, sukari hii umeipata wapi?"

"Jiweni."

"Aliyeiweka hukumwona?"

"Ningemwonaje? Wanakuja mimi nimelala."

Akanywa kikombe mpaka mwisho. Hakuomba cha pili. Niliona hilo, na nikasema moyoni labda ana haraka, maana siku zile alikuwa mtu wa haraka.

Kesho yake akaja balozi wa nyumba kumi, Mzee Naman, mtu mwema mwenye masikio makubwa. Alisimama mbali, ng'ambo ya njia, akaanza kupiga kelele kama anaita ng'ombe.

"Mke wa Bayo! Unanisikia?"

"Nasikia, mzee. Nimefiwa na mtoto, sijawa kiziwi."

"Basi sikiliza. Kura inapigiwa godauni! Mlango ni mmoja! Kalamu ni moja, imefungwa kwa kamba! Ukiingia wewe, hakuna atakayeingia tena!"

"Unataka nisiende?"

Akakuna sikio. "Wazee wamekaa. Wamesema sheria ya serikali hatuwezi kuivunja, na yetu hatuwezi kuivunja. Wamesema uje mwishoni. Watu wote wakishamaliza wakaondoka, wewe ndiyo uingie. Godauni litafukizwa baadaye."

"Paskalina amekubali?"

"Amekubali. Kwa shida!"

Nikamwambia na mimi nimekubali. Nilimaanisha. Ile sauti yake ya kuita ng'ombe ilikuwa sauti ya kwanza ya mzee wa kitongoji kunisemesha tangu msiba, na nilirudi ndani nimesimama wima.

Siku ya kura ikafika na mvua, kama mtoto wa marehemu alivyosema. Ilipiga bati na majani tangu kabla ya kupambazuka, halafu ikakatika asubuhi, jua likatoka. Nikasikia miguu ikivuta tope kwenda godauni, mingi mno, wanaume kwanza, wanawake baadaye walipomaliza kukamua na kuchota. Nikavaa gauni langu la harusi, ndilo lililokuwa zima. Nikatoa kadi kwenye kopo. Nikakaa kitandani na kazi yangu ikawa kusikiliza njia. Jua lilipopinda nikasikia wanaume wanarudi, wanacheka, mmoja anasema, "Nimelima!" Halafu wengine. Halafu njia ikanyamaza. Nikasubiri. Hazikupita nyayo, haikupita sauti ya mtoto. Kilele cha Oldeani kilikuwa kimeshavaa ukungu wake wa jioni. Nikasema wanawake wamerudi kwa njia ya chini, ya mtoni, wachukue maji moja kwa moja. Wamemaliza. Nikatoka.

Kumbe gari lililoleta masanduku lilikuwa limekwama tope huko bondeni tangu asubuhi. Sanduku lilifika saa sita mchana. Wanaume wakajipanga mbele kama desturi yao, wakapiga, wakaondoka. Wanawake walikuwa bado. Mimi nilipitia kwenye korongo, njia ya metimani, nikapanda na kutokea nyuma ya miti ya uwanjani, na pale nikawaona. Mstari ulianzia mlango wa godauni, ukazunguka uwanja wote. Wanawake na khanga zao mabegani, watoto mgongoni, bibi vizee wamekalia vigoda, wengine wanamenya miwa. Sijapata kuona mstari mzuri kama ule maishani mwangu. Walikuwa wa Paskalina wote. Mtu hahitaji kusoma kujua.

Nikarudi nyuma ya miti. Naapa nilirudi. Lakini msimamizi wa kituo alikuwa amesimama nje ya mlango akinyoosha mgongo, mwalimu aliyeletwa kutoka mbali, Singida kama sikosei, mtu mpole mwenye koti kubwa. Akaniona.

"Mama! Wewe mama pale kwenye miti! Mbona umesimama peke yako?"

Mstari wote ukageuka. Hakuna aliyemwambia kitu, maana metimani haisemwi mbele ya mgeni, na hasa haisemwi mbele ya mwenyewe. Yeye aliona mwanamke mkondefu, nywele zimekaa vibaya, amejificha, na wenzake wamemnunia. Akadhani wananionea. "Ndugu wananchi," akasema kwa ukali, "mgonjwa anapewa nafasi! Mama, njoo mbele. Njoo. Una kadi?"

Nikaonyesha kadi.

"Basi njoo, usiogope."

Nikamtafuta Paskalina kwa macho. Alikuwa ng'ambo, kwenye baraza la duka la kijiji, amekaa kwenye kreti kwa sababu mgombea hakuruhusiwa kusogea. Tukaonana. Nilitaka anipe alama yoyote. Atikise kichwa, ningerudi korongoni. Ainue mkono, ningekwenda kifua mbele. Akainamisha uso, akaanza kujifunga khanga upya kiunoni, akafunga, akafungua, akafunga.

Nilikwenda kwa sababu niliitwa. Watu wameniuliza kwa miaka, wengine kwa kuzunguka, wengine kwa pombe, na jibu langu ni hilo. Mwaka mzima wa bakuli jiweni, halafu mtu mwenye koti anasema "njoo mbele", tena machoni pa kijiji kizima. Nilipita kando ya mstari, na mstari ukajikunja kunikwepa kama majani mbele ya upepo. Bibi mmoja akajitemea mate kifuani kujikinga. Godauni lilikuwa na giza na harufu ya mahindi ya njano na dawa ya wadudu. Wametundika magunia pembeni, ndicho kichumba cha siri. Nyuma yake kreti lililopinduliwa, mbao zimeachana, na kalamu ya risasi iliyofungwa kwa katani. Nikaitazama karatasi: jembe, nyumba. Nikaweka alama yangu. Niliiweka kwa nguvu, nilitaka ionekane. Nikakunja, nikatumbukiza. Msimamizi akaniambia, "Ahsante mama," na huo ndio ulikuwa mwisho wa uzuri wa siku ile.

Nilipotoka uwanja ulikuwa unakwisha watu. Hakukuwa na kelele, wala tusi. Mwanamke anainuka, anakung'uta khanga, anachukua kigoda, anashika njia. Anafuata mwingine. Msimamizi akakimbia nje. "Mnakwenda wapi? Jamani! Kura bado! Nani amewakataza?" Mmoja wao, mama mnene mcheshi, ndiye pekee aliyemjibu, akasema, "Mwalimu, huna kalamu nyingine?" Mwalimu akasema kalamu ni hiyo moja, nchi nzima haina vitu. "Na mlango mwingine?" Mwalimu akatazama godauni kama ndiyo kwanza analiona. "Basi kwaheri," akasema yule mama, na akaenda. Vipande vya miwa vilibaki vimetapakaa kuonyesha mstari ulipopita. Paskalina alikuwa bado barazani, amesimama sasa, na mikono imening'inia tu. Sikumsogelea. Nikashuka korongoni.

Matokeo yalinifikia kupitia ukutani, kama mambo yote. Kesho yake wanaume walikuwa wanarudi kutoka ofisi ya kata walikokwenda kusikiliza. "Jembe limelima mpaka msingi wa nyumba!" "Kwingine kote walikabana. Hapa kwao ndiko kulikomwangusha. Waliojitokeza hawafiki hata nusu ya walioandikwa." "Na moja ya hapa imeharibika, umeisikia? Kalamu imetoboa karatasi. Hawakuihesabu." "Nyumba yenye mchwa hiyo!" Walipita. Baada yao wakapita wawili wanaosema kwa sauti ya chini, na hao ndio ninaowakumbuka zaidi. "Unadhani alikuja mwenyewe? Alitumwa aje mapema. Alipewa sukari." "Si wote tulipewa?" "Yeye alipewa kilo, naye yuko metimani. Kwa nini?" Nikatia macho kwenye ufa, nikaona migongo tu.

Nikapika chai. Nikaikoleza sukari iliyobaki, nikaweka vikombe viwili, nikangoja. Siku yake ya kuja ilikuwa siku ile. Jioni nikasikia zile hatua za kiume, nazijua, zikasogea kwenye uzio. Zikasimama. Halafu nikasikia bakuli likigonga jiwe.

Nilikaa pale na mkono umeshika birika. Ningeweza kutoka. Ningesema dada, sukari ile wewe mwenyewe uliinywa, njia ilinyamaza, mwalimu aliniita, na wewe ulikuwa unafunga khanga. Lakini nilikuwa na kiburi hata wakati ule sina kitu kingine, na nikasema moyoni, kama anataka kujua ataingia aulize. Hatua zikaondoka. Bakuli lilikuwa na maboga na maziwa. Sikuvigusa. Kitabu cha kisomo alikuwa amekiacha kwangu tangu wiki iliyopita, nikakimaliza mwenyewe, polepole, kwa kidole.

Wazee waliponitoa metimani nilinyolewa, nikaoga, nguo zangu zikatupwa, na nikaondoka Buger na kopo la kahawa. Nilianza kwa kuuza uji pale stendi ya malori ya Karatu, mpaka wa Kenya ulipofunguliwa na magari ya wageni yakarudi kupanda Ngorongoro nikaanza chapati kwa madereva, halafu vyumba viwili, halafu vingine. Nilipojenga ile nyumba kubwa nilituma vijana na gari wakaniletee lile jiwe. Nililiweka liwe ngazi ya mlangoni. Wazungu wanalikanyaga kila siku kwa viatu vyao vya matope.

Na Paskalina alikuja mara moja. Ni miaka mingi sasa. Tulikuwa tunaonana kanisani, tunapeana mkono, za watoto, nzuri, za mifugo, nzuri. Siku hiyo alikuja na mayai kwenye kikapu, amezeeka magoti. Nikasema, "Karibu, dada, pita." Akatazama chini akaliona. Nilimwona ametambua. "Umelileta mpaka huku?" "Nimelileta." Akashika ukuta, akavuta mguu mmoja mbali, akalivuka bila kulikanyaga. Nikampikia chai. Akanywa kikombe kimoja, sukari hakuweka, amekatazwa na daktari au alijikataza mwenyewe, sijui. Halafu akauliza, akitazama majani ya chai chini ya kikombe, "Siku ile, mdogo wangu. Uliweka wapi?"

Nilikuwa nimelingoja swali hilo karibu nusu ya maisha yangu. Na lilipokuja, kile kiburi cha birika kikapanda tena. Nikasema, "Kura ni siri, dada. Wewe ndiye uliyenifundisha."

Akacheka kidogo kwa pua. Akasema, "Kweli, nilikufundisha." Akaacha mayai mezani, akaaga.

Sasa amelala chini ya vigae na watoto wake wanaamini ilikuwa mvua, waamini. Yeye alikuwa na haki ya kujibiwa. Ile karatasi iliyotoboka, dada, waliyoinyanyua pale kwenye kuhesabu wakaiweka kando, ilikuwa yangu. Ilitoboka kwenye nyumba.